Kasoro ya Kiwandani au Uchakavu? Namna ya Kuipa Daraja Rupia ya Fedha ya Mjerumani

Wengi wanaoleta rupia za Mjerumani dukani kwangu Ngamiani, Tanga, huanza na swali la bei. Mimi huilaza sarafu kwenye kitambaa, nikawasha taa moja, nikajiuliza kila alama ninayoiona iliingia lini: kabla muhuri, kile chuma chenye picha kinachoipiga sarafu, haujashuka, muhuri uliposhuka, au baada ya sarafu kutoka. Ukishapata jibu la hapo, daraja umelipata karibu lote. Ukikosea, utaiuza sarafu safi kwa bei ya chakavu, au utanunua iliyosuguliwa kwa majivu ukidhani ilizaliwa hivyo.

Mimi ni sonara, mtoto wa sonara. Marehemu baba aliyeyusha rupia nyingi sana, maana fedha yake ilikuwa nzuri na uzito wake unajulikana: rupia moja gramu 11.66, sehemu 917 za fedha tupu katika kila elfu, zilizobaki shaba. Vikuku kadhaa vya bibi zetu hapa pwani ni Kaiser Wilhelm aliyepita kwenye moto. Nilijifunza kuisoma fedha kwenye benchi lake kabla sijajua kwamba kuna watu wanaolipa zaidi kwa sarafu ikiwa nzima kuliko ikiwa kikuku.

Aina ni mbili. Ya kwanza ni ya ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye simba na mnazi upande wa nyuma, iliyopigwa kati ya 1890 na 1902. Ya pili ilianza 1904, serikali ilipoichukua kazi ya sarafu mikononi mwa kampuni na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Hii ina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mbele zote mbili ni Wilhelm yuleyule, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR.

Vifaa havina gharama kubwa. Taa moja ya balbu, isiwe ya mirija ile mirefu inayomwaga mwanga kila upande. Mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Lenzi mbili: ya kukuza mara tano kwa kutoa daraja, na ya mara kumi kwa kuchunguza alama moja inayokutia shaka. Usitoe daraja kwa lenzi ya mara kumi. Ukikuza sana kila sarafu inakuwa mbovu, na hata NGC, kampuni ya kupima sarafu, wanapoita sarafu kamilifu, namba 70, wanamaanisha haina dosari ya baada ya kupigwa inayoonekana kwa kukuza mara tano. Ishike kwa ukingo, vidole vikavu. Na kama mtu amekuletea ina weusi, usiisafishe. Limau, majivu, dawa ya meno, ukwaju, vyote viache jikoni na bafuni.

Sasa kipimo chenyewe. Kinakwenda 1 hadi 70, na kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa senti kubwa za shaba za kwao. Kampuni za kupima, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyofuata 1987, ndizo zilizokisambaza kwa sarafu za kila nchi. Kuanzia 60 kwenda juu ni MS, yaani sarafu haina uchakavu wowote. Kati ya 50 na 58 ni AU, imeguswa na matumizi kidogo tu. 40 na 45 ni XF, imelika kidogo zaidi, 20 hadi 35 ni VF, imelika zaidi ya hapo, kisha unashuka. Chini ya 60 unapima sarafu imelika kiasi gani. Juu ya 60 hakuna kilicholika, kwa hiyo unapima michubuko, mng'ao, na kama pigo la muhuri lilijaa, yaani fedha ilifika kila pembe ya picha. Ndiyo maana kasoro ileile ya kiwandani inaweza isiiguse kabisa rupia ya VF, lakini ikaizuia rupia ya MS kupanda kutoka 64 kwenda 66. Wapimaji wanaivumilia 63 ikiwa na pigo lisilojaa. Kwenye 65 wanataka pigo lililo juu ya wastani, na kwenye 67 hawana huruma tena.

Tuanze na kibapa, kile kiduara kitupu cha fedha kabla hakijapata sura. Kibapa hukatwa kutoka kwenye bamba lililopitishwa kwenye rola, na bamba likiwa na hewa au takataka ndani, rola huzibana zikalala kama tabaka. Siku moja tabaka hilo linabanduka. Kama lilibanduka kabla ya pigo, ndani ya shimo utaona kivuli cha picha, manyoya ya tai au mguu wa simba, umefifia lakini upo, kwa sababu muhuri ulifika hadi chini. Kama lilibanduka baadaye, shimo lina mistarimistari ya uso mbichi na picha haipo kabisa. Yote mawili ni kasoro ya kiwanda. Ikiwa ndogo, tena pembeni karibu na maandishi, wapimaji huitazama kwa jicho la upole. Ikiwa kubwa na imekaa kwenye shavu la Kaiser, namba itashuka, na wakati mwingine wanakataa kabisa kuipa namba.

Kasoro nyingine ya kibapa ni kipande kilichokosekana ukingoni, umbo la mwezi mchanga. Hutokea mashine inapokata mahali palipokwisha kukatwa. Hapa ndipo wajanja hupita, maana kipande kilichokosekana kiwandani kina wapenzi wake wanaolipa zaidi, na kilichokatwa kwa mkasi wa sonara kinaiharibu sarafu. Tazama upande wa pili, mkabala na pengo. Kama pengo ni la kiwandani, ukingo wa pale mkabala mara nyingi ni dhaifu, haukuinuka vizuri, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kusukumana nacho upande wenye pengo. Halafu soma herufi zilizo jirani na pengo: za kweli huvutika na kunyooka kuelekea pale, kwani fedha ilitiririka kutafuta nafasi. Zilizokatwa baadaye zinaishia ghafla, zimepasuliwa nusu. Masonara wa zamani walikuwa wakichomoa kipande cha rupia kufanyia lehemu, kwa hiyo hapa pwani mapengo ya mkasi si haba.

Pigo lenyewe ndilo linalowachanganya watu zaidi. Fedha haimwagiki kama maji, inasukumwa na muhuri hadi ijaze kila shimo. Mahali ambapo mbele kuna shimo refu la picha na nyuma yake moja kwa moja kuna shimo refu jingine, fedha haitoshi kwenda pande zote mbili, na pale juu panabaki bapa. Kwenye rupia mimi huanza na kichwa cha tai juu ya kofia, kisha masharubu, shavu na bega. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, na ndizo hizohizo zinazolika kwanza zikianza kupita mikononi. Kwa hiyo tai asiye na manyoya ana maelezo mawili, na bei zake ni mbili.

Namna ya kuyatenganisha: inamisha sarafu chini ya taa na uizungushe polepole. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka na mwanga, mistari ya nuru inayotembea kutoka katikati kwenda ukingoni. Ikiwa nuru inapita juu ya pale bapa bila kukatika, pigo lilikuwa dhaifu na sarafu bado ni MS. Ikiwa nuru inatembea uwanjani, pale patupu pasipo na picha, halafu inazimika juu ya shavu, inaacha doa la kijivu lililolala, huo ni uchakavu na umeshuka AU au chini zaidi. Kwa lenzi ya mara kumi utaona jambo jingine: pale ambapo pigo halikufika, ngozi ya kibapa imebaki na vishimo na mikwaruzo midogo ya rola ambayo muhuri haukuibana ikapotea. Uchakavu hulainisha. Hauwezi kuacha vishimo vile.

Wamarekani wameshabishana sana juu ya hili kwa sababu ya dola zao za fedha ziitwazo Morgan, zilizopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Nyingi za kiwanda cha New Orleans, zenye herufi O, zina nywele bapa juu ya sikio na tai mwenye kifua kitupu, wakati za San Francisco za 1879 hadi 1881 zinajulikana kwa pigo lililojaa. Mnunuzi asiyejua huona dola ya O akasema imelika. Anayejua huzungusha taa.

Halafu kuna alama zinazotoka kwenye muhuri wenyewe, na hapa kuna kanuni ambayo huwa naiandika kwenye karatasi nampa mteja aondoke nayo: kilichoinuka kilikuwa kwenye muhuri, kilichozama kichunguze. Muhuri wa chuma ukipasuka, fedha huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka. Nyufa hizi hupenda kuanzia ukingoni na kupita katikati ya herufi. Haziipunguzii rupia daraja ila zikiwa nene sana hadi zinaharibu sura, na wapo wanaozikusanya kwa kupanga jinsi ufa ulivyokua kutoka sarafu moja hadi nyingine. Mihuri miwili ikigongana bila kibapa katikati, kila mmoja humwachia mwenzake kivuli. Utakiona uwanjani, mchoro wa upande wa pili umetokeza pasipo mahali pake. Hicho nacho kinasamehewa. Grisi ikijaa kwenye herufi za muhuri, sarafu inatoka na herufi iliyofifia au isiyokuwepo, na mtu anakuja dukani amepagawa kwamba ana rupia ya ajabu. Ni grisi tu. Bei yake ni ileile.

Muhuri ukigeuka kwenye kishikio chake, pande mbili za sarafu hazisimami pamoja. Sarafu za Kijerumani za wakati ule, ukizipindua kama ukurasa wa kitabu, pande zote husimama wima. Ikiwa yako imelala kwa robo ya duara, hiyo ni kasoro inayostahili kutajwa unapouza. Ya nyuzi chache tu, nyamaza.

Kinachoua bei kwa urahisi ni mistari myembamba kama unywele. Ipo ya aina mbili na usipoitofautisha heri usinunue. Fundi wa kiwanda alipoung'arisha muhuri kwa msasa laini, aliacha mikwaruzo juu ya muhuri. Kwenye sarafu mikwaruzo hiyo imeinuka, ipo uwanjani pekee, na ikifika kwenye sura ya Kaiser au kwenye herufi inakatika, inaendelea upande wa pili, kwa sababu msasa haukuingia ndani ya mashimo ya muhuri. Mtu aliyesugua sarafu kwa kitambaa na majivu ameacha mikwaruzo iliyozama, inapanda juu ya sura na kushuka bila kujali. Mistari ya kwanza haikupunguzii kitu. Ya pili inamaanisha kampuni ya kupima itaandika kwamba imesafishwa na haitakupa namba, hata kama manyoya yote ya tai yapo.

Alama iliyozama inaweza kuwa ya kiwandani pia. Uzi, kipande cha kitambaa au unyoya wa chuma ukidondoka juu ya kibapa, muhuri unaupigilia ndani na kuacha mfereji. Mfereji huo una mng'ao uleule wa uwanja hadi ndani, na kando zake ni tulivu. Mkwaruzo wa kisu au msumari husukuma fedha pembeni, kidole hakihisi lakini lenzi inaona tuta dogo kila upande, na rangi ya ndani haifanani na ya nje.

Michubuko ya gunia inaleta mabishano. Sarafu zilipotoka kwenye mashine zilidondoka juu ya wenzake, zikatiwa magunia, zikagongana njia nzima hadi bandarini. Mtu atakuambia, “Mama, hii ni ya kiwandani, haihesabiki.” Inahesabika. Ilitokea baada ya pigo, na hilo ndilo linalotazamwa. Alama moja nzito kwenye shavu ni mbaya kuliko kumi zilizojificha kwenye nywele na majani, kwa sababu jicho linakwenda usoni kwanza.

Wiki chache zilizopita alikuja kijana kutoka Pangani. Shikamoo, marahaba, akatoa leso, ndani yake rupia ya 1912 ya Hamburg. Alishaambiwa mahali fulani kwamba imelika, apewe bei ya fedha kwa gramu. Niliizungusha chini ya taa. Kichwa cha tai bapa, lakini nuru ilikipitia. Mstari kutoka ukingoni hadi kwenye herufi, umeinuka, ufa wa muhuri. Uwanja una mistari ya msasa iliyokatika kwenye sura, safi. Michubuko miwili mitatu ya gunia. Hapo nilikuwa kwenye MS 62, pengine 63, na yeye alikuwa ananisoma uso. Nikaigeuza nitazame ukingo. Saa sita juu ya kofia ya Kaiser, meno matatu yamejaa, yana rangi ya njano iliyokolea. Lehemu. Iliwahi kuwa kidani cha mtu, sonara fulani akaitoa kitanzi akapiga tupa kidogo. Kampuni itaandika sarafu hiyo imeharibiwa kwa kuunganishwa, bila namba. Nilimwambia bado ina thamani kuliko fedha yake, kwani wapo wanaotaka sura nzuri hata ikiwa na lehemu, lakini asiipeleke kupimwa, gharama itamla. Kwa hiyo utaona kwa nini nasema ukingo utazamwe mapema: kasoro zote za kiwandani nilizomsamehe hazikusaidia kitu mbele ya tone moja la lehemu.

Ukitoka kwenye rupia ukaingia kwenye shilingi za Mwingereza, zile za simba na milima nyuma yake, mbinu inabadilika kidogo. Kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, sehemu 250 katika elfu, na uzito wa gramu 7.78. Fedha robo haiwi nyeupe yenyewe. Vibapa vya mchanganyiko kama huo hupashwa moto na kuchovywa kwenye tindikali, shaba ya juu inayeyuka, ngozi inabaki ya fedha. Masonara tunafanya vilevile kwa vito vya fedha hafifu. Faida yake kwa mpimaji ni kubwa: ngozi nyeupe ikilika, wekundu wa shaba unachungulia. Nyusi za mfalme zikiwa bapa lakini nyeupe kama uwanja, pigo lilikuwa dhaifu. Zikiwa na wekundu, zimelika, na hakuna haja ya kuzungusha taa. Angalia tu isiwe imechovywa upya na mtu. Shilingi iliyochovywa ni nyeupe iliyokufa, haina nuru inayotembea.

Nje ya fedha, lakini sipendi kuiruka, ni heller 20 ya Tabora ya 1916, iliyopigwa wakati wa vita kwenye karakana ya reli, ya shaba nyekundu au ya shaba njano, na herufi T. Mihuri ilikuwa mibovu, vibapa havina mpango. Nyufa na mapigo yaliyohama ndiyo kawaida yake, na ukiikuta imekamilika kupita kiasi ndipo uanze kuwa na wasiwasi. Daraja daima linapimwa kwa kulinganisha na ndugu zake waliotoka kiwanda kimoja.

Sarafu za siku hizi zina ugonjwa wao. Binti mmoja aliniletea kutoka Toronto sarafu ya fedha ya Kanada, ile yenye jani iitwayo Maple Leaf, mpya, ina madoa meupe kama tone la maziwa. Hayo huhusishwa na mabaki ya dawa ya kuoshea vibapa yaliyoachwa kabla ya kupashwa moto, na hujitokeza baadaye, hata sarafu ikiwa imeshafungwa kwenye kasha na kupewa namba. Kiwanda cha Kanada kilitangaza kinga yake mwaka 2018. Kwa sarafu za kabla ya hapo, nunua kwa kuona kwa macho, usinunue kwa namba ya kwenye kasha.

Unapouza, piga picha tatu: mbele, nyuma, na ukingo wa juu kuanzia saa tano hadi saa saba, mahali ambapo vitanzi vilikuwa vikiwekwa. Mwanga utoke upande mmoja ili mng'ao uonekane. Andika uzito ulioupima mwenyewe. Kwa kasoro, taja ilipo na kama imeinuka au imezama: “ufa wa muhuri, umeinuka, kutoka ukingoni hadi herufi M” ni maelezo ambayo mnunuzi wa Munich au Muscat atayaelewa na hatakuwa na la kukurudishia. Ukiandika “ina kasoro nadra ya kiwandani” bila kusema zaidi, mimi mwenyewe nitapita bila kusimama.